Kitufe Kisichopewa Kazi

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
nimekaa na fomu ya wastaafu wa mkonge
na swali moja linanikwamisha tangu jana:
duara, au mraba?

Duara halitaki mke mwenza.
Ukiligusa hili, lile linaachia,
kama redio ile aliyoitengeneza baba kule Makorora,
meza imejaa nyaya na harufu ya risasi iliyoyeyuka:
vitufe vitano vyeupe,
ukikandamiza cha tatu, cha kwanza kinaruka, tak!
Nilikuwa na miaka sita. Nikavikandamiza vyote kwa viganja viwili
nipate kusikia dunia nzima kwa mpigo.
Redio ikanyamaza.
Baba hakunipiga. Alinifungulia nyuma
akanionyesha kibati kinachoteleza ndani,
kinachomwinua mmoja ili mwingine akae.

Mraba hauna ugomvi.
Tiki hapa, tiki pale, tiki kote ukitaka.

KAZI ULIYOFANYA nikaiwekea duara.
Nilidhani mtu huwa na kazi moja.
Mkata mkonge. Korona. Muanika singa. Burashi. Mfunga robota.

Bi. Mwantumu Shekalaghe ndiye aliyekuja kunijaribia,
akapanda ngazi, akapumzika mara mbili.
Kidole chake kina sugu, kioo cha simu hakikihisi;
ikabidi akitie mate.
Akagusa Mkata mkonge.
Akagusa Muanika singa: Mkata mkonge ikafutika.
Akairudia ya kwanza, ya pili ikatoka.
Akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji.
“We mwana, kidude chako kinanifukuza kazi.”

Miaka tisa na panga. Kumi na minne juani, kwenye waya za kuanikia.
Minne ya burashi, hadi kifua kikagoma.
“Sasa nikitoe kipi? Hiki cha panga? Hiki cha kifua?”

Nikabadilisha palepale, yeye akinihema begani.
Akatia tiki moja moja, polepole,
kama anayehesabu mafungu mbele ya nyapara.

HALI YA NDOA. Hapa nilikuwa na uhakika na duara langu.
“Wa kwanza nilimzika Muheza,” akasema.
“Wa pili alikwenda Mombasa kufuata kazi ya bandari.
Wa pili sijui nimweke wapi.”
Nikatafuta sababu ya chama kutaka kujua.
Sikuiona. Nikalifuta swali.

Tukafika chini, penye vitufe vyenyewe.
Tuma. Futa.
Na kile nilichokipachika jana usiku nikisinzia:
Ongeza mtegemezi.
Akakigusa amwongeze mjukuu wake, Kilua.
Fomu ikaondoka.

Chumba cha pili simu ikalia, na karani Mhina akapaza sauti ukutani:
“Huyu mama hana mtu hata mmoja?”
Ana wanne. Wanne wanaolala chumba kimoja naye, Mikanjuni.

Kosa langu, na ni la kizamani:
kitufe usichokiambia kazi yake
hujipa kazi ya kutuma.
Hakikai bure. Kama kijana mgeni dukani,
asipoelekezwa, hubeba mzigo wowote
akaupeleka kwa yeyote.
Nikakiandikia aina yake: kitufe tu.
Yaani tulia hapo, mpaka uambiwe.

Na Futa nikaing'oa.
Sijapata kuona mtu aliyemaliza kuandika maisha yake
akaja kumshukuru aliyemwekea, sentimita moja kando ya Tuma,
namna ya kuyapoteza.

Tulianza upya. Kilua. Mbwana. Pacha wawili
ambao majina yao aliyarudia ili nisikosee herufi.
Kisha akaniuliza, “Nikikigusa hiki, ndiyo basi?”
“Ndiyo basi.”
Akakunja vidole vyote,
akakitumia kile kidogo cha mwisho,
ambacho mkonge haukukipata.