Kutu

Chini ya ukingo wa Newala, njia ya kisimani inapokatika,
shangazi Somoe alichimba kwa kijiko cha wali
udongo wenye rangi ya mavi ya mtoto. Samahani,
ndivyo alivyouita, na jina jingine halikuufaa.

Aliukausha, akautwanga, akauchekecha
kwa kipande cha khanga ambayo maneno yake yamefutika,
limebaki "usi" tu, halafu doa.

Kisha kigae, moto, maganda ya korosho
(kaa upande upepo unakotoka, moshi wake unatoboa macho),
na udongo ukaanza kuhama:
manjano, kaki, kahawia,
kahawia ya chai iliyosahauliwa jikoni.
"Toa sasa. Ukichelewa unakuwa mwekundu
kama mtu aliyedanganya."

Shuleni Masasi, Mwalimu Chiputa aliandika ubaoni
kwamba kinachotoka motoni ni maji:
chuma kiliyakumbatia, joto likakiachisha.
Kinachobaki ni chuma na oksijeni, yaani kutu,
na manganizi kidogo, ndiyo inayotia giza.
Nikanakili. Nikapata sabini na mbili.
Sikusema kwamba kwetu tunapaka kutu kwenye mitungi.

Ina umri gani? "Taja mamilioni yoyote," alisema,
"hutakosea sana."
Reli ya karanga ilikuja juzi, ikang'olewa jana.
Vyuma vyake vilivyosahauliwa Nachingwea
vinajifunza kuwa kahawia,
vingali darasa la kwanza.

Mwaka ule korosho zilipooza maua,
shangazi alishikwa na kizunguzungu, akaanguka katikati ya vyungu.
Daktari akamvuta kope ya chini: nyeupe, ganda la yai.
"Mama, damu yako haina chuma."
Akatazama viganja vyake,
kahawia mpaka ndani ya mistari,
kahawia iliyoshinda sabuni tangu alipoolewa.
"Chuma?" akauliza. "Na hiki je?"

Kijana wa watu alicheka, akaandika vidonge thelathini.

Usiku shangazi aliweka kimoja kwenye kigae, akapuliza moto.
Kikapasuka ngozi, kikatoa harufu kali iliyotukohoza sote,
kikageuka taratibu
mpaka kikawa chekundu kama mtu aliyedanganya.
Alikitazama muda mrefu.
"Ni kweli," akasema. "Ni ndugu."

Vilivyobaki alimeza, kimoja kila jioni,
siku ishirini na tisa.
Mtungi alioufinyanga mwezi ule ninao mimi.
Unavuja kidogo.