Kadi ya Kiboriloni

Niliinunua Kiboriloni, juu ya turubai,
kati ya pasi mbovu na kiatu cha mguu mmoja.
"Hii ya picha, bosi, inaona."
Haioni. Mwezi wa nne huu.

Mfumo ninaoutumia, labda tuko arobaini duniani.
Kiwanda hakitujui. Niliwaomba kitabu chake,
namba za milango tu, nijue nipige hodi wapi.
Wakajibu kwa adabu: hiyo ni siri.

Basi nabisha mmoja mmoja,
kama mgeni aliyeingia Rau usiku
na kila nyumba ina mbwa.
Naandika sifuri: kioo cheusi.
Naandika moja: kioo cheusi, feni inalia.
Umeme unakatika.
Naanza upya.

Aikande anapita na chai.
"Bado unaongea na ukuta?"
"Ukuta umeanza kukohoa."

Jana, saa tisa usiku, picha ikatoka.
Imepinda, mistari inatambaa kama siafu,
lakini ni yeye, mama, kihambani, mwaka ule wa mwisho:
uso wa bluu, udongo wa bluu,
migomba tu ndiyo imebaki kijani.
Nyekundu na bluu nimezikalisha viti visivyo vyao,
kosa la mstari mmoja,
ningelifuta kabla chai haijapoa.

Sikuligusa.
Nilimwamsha Aikande.
Akasimama mlangoni, akatazama, akarudi nyuma.
"Mwambie asubiri," akasema,
"nijifunge kitenge."