Ukoko

Nianze na ukoko, tusizungushane.
Wengine hugombania paja la kuku.
Mimi niachieni sufuria,
kijiko cha chuma na dakika tano za faragha.
Ukoko wa ugali ukibanduka wote kwa mkupuo mmoja,
kama bango la mgombea aliyeshindwa,
siku hiyo sidaiwi na mtu.

Naishi Ngara, ghorofa ya nne, ngazi themanini na mbili.
(Nilizihesabu nikiwa na mtungi wa gesi begani.
Ukipanda mikono mitupu ni kama sabini.)
Lifti ipo. Imebandikwa INATENGENEZWA
kwa hati nzuri, yenye madoido,
hati ya mtu aliyejua karatasi ile itakaa.

Dada yangu Mumbua ana nyumba Ruiru,
ana lango, ana mbwa mwenye jina refu kuliko langu.
Kila Jumapili huniuliza, utahama lini?
Nitahama jua likihama.
Maana saa moja na robo asubuhi
jua hujipenyeza katikati ya mapaa mawili,
likavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto,
likatua mezani, pale pale kwenye kikombe.
Kwa dakika kumi na moja nanywa dhahabu.
Kisha jengo la jirani hulinyakua,
na chai ikarudi kuwa chai.

Andazi, nalo, ni pembe tatu.
Sibishani. Pembe ndiyo huingia chaini kwanza;
la duara utalianzia wapi?

Napenda Julai, jambo lisilosemwa hadharani.
Wenzangu wamenuna ndani ya makoti,
mimi ninapita na hindi la kuchoma,
ndimu na pilipili zikinipiga mdomoni,
kiganja kimoja kimepata joto, kingine kinasubiri zamu.
Koti langu ni la Gikomba.
Mfukoni nilikuta tikiti ya treni
ya mji ambao hata herufi zake sizijui.
Sikuitupa.
Huenda mwenyewe bado anaitafuta.

Oktoba mijakaranda ikimwaga zambarau
watu huinua simu kuyapiga picha yaliyo juu.
Mimi nafuata ya chini,
yale yanayopasuka ukiyakanyaga: po. Po.
Mtu mzima, tai shingoni,
naruka kama mtoto aliyekatazwa.
Bawabu wa benki alinitazama hivi,
rungu kwapani, uso umefungwa kama dirisha la karani.
Nikajikohoza. Nikanyoosha tai. Nikapita.
Hatua kumi mbele, nyuma yangu,
nikasikia: po.

Mwaka juzi nilipewa umeneja, nikaukataa.
Mikutano ya mameneja huanza saa saba,
na saa saba Bi Halake hupakua ndengu.
Nilipompa Mumbua habari hizo
alinyamaza muda mrefu sana,
nikadhani mtandao umekatika.
Haukuwa umekatika.

Na ndiyo, palikuwa na Kerubo.
Mwema, mcheshi, msafi kupita kiasi.
Kabla sijameza tonge la mwisho
sufuria ishalowekwa, povu hadi ukingoni,
nami nimeshika kijiko changu
kama aliyefika kituoni basi limeondoka.
Hatukugombana. Labda tungegombana.
Siku hizi ana watoto wawili
na sufuria zile za kisasa, zisizoshika kitu.

Wiki iliyopita tulikutana bustani ya Jevanjee,
mwanawe mdogo akila karanga na maganda yake.
"Bado unakwangua?" akaniuliza.
"Bado."
Akacheka, akamfuta mtoto mdomo,
akaninong'oneza, kama anayeuza siri ya serikali,
kwamba mama yake mzazi, kule Nyamira,
bado ana chungu cha zamani,
na wakienda Desemba
yeye huamka usiku, watu wote wamelala,
akatafuta kijiko gizani.