Mita Ishirini na Tano

Mwanangu Margus kanitumia msumeno kutoka Tampere,
wa umeme, wa mnyororo, una uzito wa paka aliyeshiba.
Kwenye kijikaratasi kaandika: Mama, huu hauna petroli,
hauna kamba ya kuvuta, hauna kiburi.

Ule wa marehemu Endel bado umening'inia bandani,
mweusi, unanuka kama shati lake.
Haukunguruma kabla hajautukana mara tatu.
Huu mpya unabonyezwa tu, unaitika,
kama mtoto aliyelelewa vizuri mno.

Lakini una mkia. Hapo ndipo penye neno.
Waya unatoka dirisha la jikoni, juu ya sinki,
unapita tuta la vitunguu, unakwepa pipa la maji ya mvua,
na kwenye mita ya ishirini na tano unasema: basi.
Mwezi mzima dunia yangu imekuwa na kipimo hicho.
Magogo ya ile miti ya gome jeupe, linalochubuka kama karatasi,
niliyaburuta kwa kamba hadi kwenye umeme,
kwa kuwa umeme hauna miguu ya kuyafuata.
Nikajifunza: waya uwe mgongoni,
mafuta ya mnyororo yakaguliwe kabla ya chai,
ncha isiguse kitu, maana ncha hukurudia usoni
kama neno ulilomtupia jirani.

Jirani. Naam.
Kalju na mimi hatujasemezana miaka kumi na mmoja.
Ni habari ya mpaka, na mpaka ni habari ya mtufaha
uliosimama kule, nusu kwake, nusu kwangu,
ukidondosha matunda bila kuuliza hati.
Endel alisema ni wetu. Kalju akaleta mpimaji kutoka Võru.
Mpimaji akapima, akala tufaha, akaenda zake.

Usiku wa tarehe tisa Oktoba upepo uliamua kesi.
Asubuhi mti umelala chali, mizizi hewani,
tawi kubwa juu ya kabichi zake, shina upande wangu.
Nikatoka na msumeno, nikaufungua waya wote,
nikavuta hadi plagi ikalalamika dirishani.
Zilibaki hatua nne.
Hatua nne! Nikasimama na mashine bubu mikononi
kama mgeni wa harusi aliyesahau jina la bwana harusi.

Kalju alikuwa kizingitini kwake, kikombe mkononi.
Akaingia ndani. Nikajisemea: amekwenda kucheka.
Akatoka na waya mwekundu, akiukunjua kinyumenyume,
mzee wa miaka sabini na sita, akipapasa mawe kwa visigino,
akaulaza juu ya shina, soketi ikinielekea.
Hakusema neno. Nami sikusema.
Nikachomeka.

Wahenga hunena msumeno hukata mbele na nyuma.
Huu haujui mbele wala nyuma; unazunguka tu,
unakula, unatema unga wa rangi ya chungwa,
na harufu ya mtufaha mbichi ikapanda, tamu, chachu,
kama jikoni kwa mama siku ya kupika jemu.
Mimi nikakata. Yeye akashika matawi yasitikisike.
Kila gogo nililoligeuza lilikuwa na pete zake;
nikaitafuta pete ya mwaka wa ugomvi. Sikuiona.
Pengine ni nyembamba. Pengine mti haukuarifiwa.

Saa sita nikazima. Masikio yakabaki yakivuma.
"Yuniti zako," nikasema, "nitalipa."
Sauti yangu ilikwaruza kama bawaba.
Kalju akatazama mita ukutani kwake, taa yake ikikonyeza,
akasema: "Kuni za mtufaha hazikauki chini ya miaka miwili."
Ndilo jibu lenyewe. Nalifikiria mpaka leo.
Miaka miwili ni mingi kwa watu wa rika letu.

Tumezipanga pale pale mpakani, rundo moja,
bati ni lake, mawe ya kulikandamiza ni yangu.
Waya mwekundu hakuurudisha ndani;
umening'inia kwenye msumari wa banda langu,
juu kidogo ya ule msumeno wa Endel.

Jana Margus kapiga simu: Je, unakufaa?
Unanifaa, nikamwambia. Ila waya ni mfupi.
Nitakuletea mrefu, akasema.
Usilete, nikamwambia.