Meno Ishirini na Manane

Fundi Lali ameipindua, matairi juu,
anahesabu meno ya gia ya nyuma kwa kidole cha grisi
kama nesi wa zahanati na mtoto mkaidi:
kumi na manne, kumi na saba… ishirini na manne. Basi.
"Na mbele?"
Mbele nayajua bila kuhesabiwa:
kubwa hamsini na mawili, ndogo arubaini na mawili.
"Hii," asema, "ni baiskeli ya mtu mwenye hasira."

Namjua mtu huyo.
Aliinunua mwaka wa themanini na sita
kwa injinia Mtaliano aliyekuwa akifunga virago,
mshahara wa miezi mitatu,
mamake hakumsemesha wiki nzima.
Alfajiri alivuka Makupa, akapanda Changamwe
amesimama juu ya pedeli, shati limejaa upepo,
akiyapita malori kwenye zamu ya kiwanda cha mafuta.
Kaenda zake, mtu yule. Magoti kaniachia mimi.
Nikisujudu hulia, safu nzima ikasikia,
na kijana wa pembeni hujizuia kucheka hadi salamu ya mwisho.

Lali amwaga kopo la maziwa ya unga: gia tupu,
nyingine zina kutu, nyingine zang'aa kama sarafu za mahari.
"Hii ya thalathini na mawili ndiyo dawa yako.
Ila huu mkono wa nyuma ni wa kizamani, mfupi,
hauimezi. Utaitapika cheni katikati ya barabara.
Tutie ishirini na manane,
nami nikuongezee pingili mbili."

Nilinyamaza.
Gia pana hizi, ujanani, tulikuwa tukiziita sahani za ubwabwa.
Tulimcheka kila aliyekuwa nayo,
na Tsuma ndiye aliyecheka kutushinda sote.

Nikageuza karatasi ya dawa, nikapiga hesabu mgongoni mwake.
Arubaini na mawili kwa ishirini na manne:
mguu ukizunguka mara moja,
gurudumu mara moja na robo tatu.
Kwa ishirini na manane, mara moja na nusu.
Robo.
Robo ya mzunguko tu, Bwana Lali,
ndiyo iliyosimama baina ya kufika Mikindani
na kumsalimia mgonjwa kwa simu.

"Tia," nikamwambia.
Mwezi jana daktari kaning'oa mawili ya juu.
Mimi napunguziwa, chuma kinaongezewa.

Jumamosi, kabla malori hayajaamka,
nikaingia mlimani nimekaa, makalio kwenye kiti
kama mtu aliyealikwa.
Miguu ikazunguka upesi, baiskeli ikaenda polepole,
jambo ambalo kichwa kilikataa kulielewa kwa mita mia nzima.
Ubavuni mwangu, mwendo mmoja nami,
kijana asukuma mkokoteni wa madumu ya maji.
Tuliongea. Aitwa Nyawa. Dumu limepanda bei.
Akaangalia miguu yangu, akaniangalia usoni:
"Mzee, imeharibika?"
"La. Ndiyo kwanza imetengenezwa."

Miaka yote ile sikuwahi kujua
kwamba penye kona ile pana mtu hukaanga mahamri,
wala kwamba ukuta ule ni wa shule.

Tsuma alikuwa barazani, mkono wa kushoto pajani
ulipowekwa na mkewe.
Mdomo umependa upande mmoja tangu kile kiharusi,
lakini swali lilitoka zima:
"Ulishuka?"
"Sikushuka."
Hakuniamini. Akaiita baiskeli kwa kidole,
nikaiegemeza kwenye kiti chake.
Akaiona sahani ya ubwabwa.
Nilingoja kicheko.
Akauzungusha mkono wa kulia nyuma ya gurudumu,
akaanza kuhesabu meno, jino kwa jino, kwa sauti.
Akapotea kwenye kumi na tisa.
Akaanza tena.
Mkewe akaleta chai. Sikumsaidia hesabu.
Tulikuwa na wakati.