Kistari

Jiwe la Oddlaug lilikuwa jembamba,
ubamba mweusi kutoka machimbo ya Otta,
na Eilev, mwanawe, hakutaka lingine:
"Mama aliingia nyumba za watu kwa dirisha
theluji ikiziba mlango. Hapa atatosha."

Jina likaenea. Miaka ikaenea.
Kazi ndiyo iliyogoma:
*jordmor*, mkunga,
herufi saba, nafasi ya tano.

Ragnfrid, mchonga mawe, akashika chaki.
"Tutalikata. Neno la kuunga
hukatwa pale lilipoungwa."
Akaandika *jord* juu, *mor* chini,
tukarudi nyuma hatua tatu, tukasoma:

udongo.
Mama.

Kila moja na pigo lake,
kama majembe mawili yakipokezana shimoni.

Eilev akatikisa kichwa. Hawakumwita hivyo.
Simu ikilia saa nane za usiku
hakuna aliyeuliza udongo.
Walimwita kwa pumzi moja,
nguvu zote zikitangulia kwenye *jord*
(ile d huandikwa tu, haitamkwi),
na *mor* ikifuata, nyepesi, ila haimezwi,
kama sleji nyuma ya farasi.

Mimi nilikuwa mshika taa.
Lugha yangu haina haraka na uzito:
huubeba mpaka silabi ya pili toka mwisho
ndipo iutue. *Mjamzito*, nikasema kimoyomoyo,
na mkazo ukakaa kwenye *zi*.
Mle ndani wamo mja na mzito;
nani huwasikia tena?
Lakini najua barabara na barabara,
herufi zilezile, mkazo ukihama
njia inageuka kuwa sawasawa.

"Weka kistari," nikasema. "Baada ya d."

"Kaburini?" Eilev akauliza.
"Kama neno lililoishiwa na ukurasa?"

Ragnfrid alikuwa ameshakichora.
"Kistari kinamwambia msomaji: usipumue. Bado."

Eilev akacheka, kisha akashindwa kuendelea kucheka.
"Bado," akasema. "Ndivyo alivyowaambia wote.
Usisukume. Bado. Bado kidogo."

Patasi ilikimaliza kabla ya chai.
Juma la pili nikapita makaburini:
mvua ilikuwa imekijaza, usiku ukaigandisha,
na kati ya udongo na mama
kipande cha barafu, urefu wa ukucha,
kimeshikilia.