Ufunguo wa Lifti

Ngazi ni mia moja na sitini na mbili
kutoka mlangoni petu hadi barabara ya chini.
Sijazihesabu kwa miguu.
Nimezihesabu kwa pumzi za Nibaldo, kaka yangu,
ambaye huhema kwa kishindo kila afikapo ya kumi
na husema hachoki.
Mbebwa naye hushika: mimi hushika kola yake,
Mama anafuata na kiti, magurudumu yakigonga kila kona,
na mbwa wa jirani wanatutazama
kana kwamba Valparaiso haijawahi kuona mtu akienda shule.

Kile kibanda cha reli kinachopanda mlima kwa kamba ya chuma
kimefungwa tangu Machi. Kuna karatasi: "Matengenezo."
Mvua imekwisha kufuta herufi tatu za mwanzo.

Basi muhula wa kwanza nilisomea jikoni.
Kompyuta mezani, birika mkono wa kulia,
nami ndani ya mraba mdogo kama stempu.
Nakiri: nilipenda.
Ndani ya mraba hakuna mwenye miguu.
Profesa Oyarzún hana, Maite hana,
yule kijana mtanashati wa Temuco hana.
Sote tulianzia kifuani kwenda juu,
na nilipojibu swali la volkano
hakuna aliyeniambia, kwa sauti ile laini ya kanisani,
"Hongera, wewe ni mfano kwetu."
Waliniambia nimekosea.
Lo, utamu wa kukosea kama watu wengine!

Lakini somo likiisha, limeisha.
Kidole kimoja, na watu thelathini wanazimika.
Linabaki birika,
na uso wangu kwenye kioo cheusi.
Na mawe, je? Nasomea jiolojia.
Profesa alikuwa akisogeza jiwe kwenye kamera
mpaka likawa ukungu wa kijani:
"Mnaiona hii shaba?"
Tuliiona.
Picha ya jiwe haina uzito.

Agosti nikasema, nashuka.
Mama akanyamaza, akainama kukaza kamba ya kiatu changu
ambacho hakijawahi kulegea.

Siku hiyo niliwahi. Kutangulia si kufika:
maabara iko ghorofa ya tatu,
lifti ina kufuli,
ufunguo umo mfukoni mwa don Eleuterio,
na don Eleuterio yuko kwenye chakula cha mchana.
Nilikaa dakika arobaini chini ya picha za wakuu wa chuo waliokufa,
wote, nikagundua, kuanzia kifuani kwenda juu.

Nilikuwa nimeshageuza kiti
Maite aliposhuka kunitafuta.
Akakitazama kiti, akanitazama mimi.
"Kumbe una sauti kubwa kuliko spika zangu," akasema,
akaumega mkate wake wa parachichi katikati.
Ukoko ukavunjika kwa mlio
ambao kompyuta yangu haiujui.

Nilipofika juu walikuwa wanafunga mabegi.
Profesa hakusema kitu. Alinitia jiwe kiganjani.
Lilikuwa baridi, zito kuliko umbo lake,
na lilikuwa na makali ubavuni
ambayo kamera ilikuwa imeyaficha.
Likanichana kidole gumba, kidogo tu.
Sikumwambia mtu. Nilishuka nikikinyonya kama mtoto.

Sasa Jumanne nashuka.
Siku nyingine niko na birika langu,
hasa ukungu wa Pasifiki ukizilowesha ngazi
na goti la Nibaldo likianza kulalamika kabla yake.
Wanaoniuliza ipi bora
wote wana miguu miwili na dakika za kupoteza.
Mimi nawauliza ufunguo uko wapi.

Wiki jana nilimwomba don Eleuterio ufunguo, dakika tano.
Mkabala na lango kuna fundi, kipofu wa jicho moja,
huchonga nakala huku akisikiliza mpira.
Nikachonga tatu.
Mmoja uko shingoni mwangu. Mmoja anao Maite.
Wa tatu nimeubandika kwa gundi ya karatasi
chini ya benchi la kusubiria, kwa ndani,
mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama
hauwezi kupafikiria.